Mkwe Anapika Bahari

Kazi ya fundi bomba, kwa wasiojua, ni kuyatoa maji yaliko na kuyafikisha yasipokuwepo. Ndiyo kazi niliyoifanya Tanga tangu nikiwa kijana wa kubebeshwa spana mpaka nikawa mzee wa kubebewa, na hakuna mteja aliyewahi kuniuliza maji yana nini ndani yake. Waliuliza kama yatatoka, na kama yatapanda mpaka ghorofani. Sasa niko Columbus, jimbo la Ohio, nyumbani kwa binti yangu. Hapa maji yanatoka usiku na mchana, ya moto na ya baridi. Ungedhani watu wametosheka. Mkwe wangu ameyachukua maji hayo yaliyokwisha kufika, akayanyang'anya kila kilichomo, akanunua chumvi kwa dola, akayarudishia, kisha akaniita nimshikie bomba.

Anatengeneza bahari. Sisemi kwa mafumbo. Sebuleni kwake kuna tangi la kioo la galoni 75, yaani lita 284 hivi, na humo wamo samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, kamba mmoja anayeonekana akijisikia, konokono, na vipande vya matumbawe. Kipande kimoja kina ukubwa wa ukucha wa dole gumba na kilinunuliwa dola 40. Nilipotajiwa bei hiyo nilikaa chini. Pwani yetu watu wamejenga nyumba na misikiti kwa matumbawe, na mengine wakayatia tanuri wakapata chokaa ya kupaka. Siku hizi yanalindwa, na ni haki yalindwe, lakini sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu huko ng'ambo anayawashia taa ya buluu na kuyaangalia kwa saa nzima baada ya kazi.

Na samaki wenyewe! Mimi natoka Tanga, kwenye silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani zamani za kale mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kwetu wavuvi wamemtoa kwenye nyavu zao, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Huyo ndiye samaki mwenye heshima, na hajabadilishiwa maji hata mara moja. Hawa wawili wa sebuleni wanabadilishiwa kila wiki. Sehemu moja ya kumi ya maji yao hutolewa, na mengine mapya hutiwa, yenye chumvi ile ile na joto lile lile, la sivyo wanasusa chakula na nyumba nzima inaingia simanzi.

Maji hayo mapya yatoke wapi? Bahari ya karibu ni siku nzima kwenye gari. Kaskazini kuna Ziwa Erie, lakini hilo ni maji baridi. Kwa hiyo lazima uitengeneze mwenyewe, na mpaka hapo namwelewa mkwe. Zamani aliitengenezea jikoni, kwenye ndoo, kwa mwiko, mpaka siku binti yangu alipoionja supu. Kuanzia hapo shughuli ikahamishiwa besimenti, na besimenti ndiko nilikopewa chumba mimi.

Kwetu Tanga mkwe na baba mkwe huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Mkwe akikuona barabarani hushusha macho, husema shikamoo baba, na hupita. Huyu wangu ni kijana wa adabu, wala sina la kumlaumu kwa hilo, lakini saa kumi na moja za alfajiri nafungua mlango niende kutawadha namkuta kavaa kaptula, kalala chali sakafuni, tochi mdomoni, anachungulia chini ya pipa. Anatoa tochi. "Shikamoo baba." Marahaba, mwanangu. Kisha kila mmoja anajifanya hakumwona mwenzake.

Sasa niwaeleze mtambo wenyewe, maana mkisikia kituo cha kuchanganyia maji mtadhani ni kitu cha serikali. Ni mapipa mawili ya taka. Ndiyo, ya taka, yale ya plastiki ya kijivu yanayowekwa nyuma ya nyumba. Ni mapya, hayajawahi kutiwa ganda la ndizi, lakini ni ya taka. Kila moja linabeba galoni 32, kama lita 120. Moja ni la maji safi, la pili ni la maji ya chumvi. Chini yake pampu moja, mabomba meupe ya PVC, na koki nne. Ukutani limening'inia chujio lenye vikombe vinne virefu, na hapo kwenye chujio ndipo nilipoanza kunung'unika na bado sijanyamaza.

Maji ya bomba yanaingia kwenye kikombe cha kwanza, yanachujwa matope. Cha pili kina mkaa wa kutoa klorini. Kisha yanasukumwa kwa nguvu kwenye utando ambao hauruhusu karibu kitu chochote kupita isipokuwa maji. Utando huo hauivumilii klorini, ndiyo maana mkaa unatangulia. Mwisho yanapita kwenye rezini, chembechembe zinazokamata kile kidogo kilichobaki. Mkwe anachovya kijipimo kabla, kinasoma mia mbili na kitu. Anachovya baada, kinasoma 0. Anafurahi. Nilimuuliza, hayo yaliyokuwa mia mbili tulikuwa tunakunywa? Akasema ndiyo baba, ni salama kabisa. Basi kumbe samaki wana masharti kutuzidi sisi.

Hilo nalo ningelimeza. Lakini utando ule hauchuji bure. Kwa kila lita moja safi inayotoka, lita tatu mpaka nne zinatoka kwa bomba jembamba la pili na kwenda zake kwenye mfereji wa sakafuni. Nimeyasikia hayo maji usiku kucha nyuma ya ukuta wangu, tss, tss, tss. Nimepiga hesabu: kupata lita 110 za bahari, lita 440 zinamwagwa. Hizo ni ndoo 22 za lita ishirini! Mimi nimeona foleni za madumu zinazozunguka mtaa mzima. Nimemwona mama akimwita mwanawe kwa majina yote matatu kwa sababu amenawa miguu mara ya pili. Halafu nilale karibu na mfereji unaomeza ndoo 22 ili kamba mmoja apate raha?

Nikauliza maji yale yana ubaya gani. Mkwe akajibu kwamba hayana ubaya, ni yale yale ya bomba ila chumvichumvi zake zimezidi kidogo, na klorini imeshatoka. Sikusema neno. Kesho yake niliweka ndoo chini ya lile bomba jembamba. Tangu hapo sakafu za nyumba hii zinadekiwa kwa maji hayo, nguo zangu zinafuliwa kwa maji hayo, na bamia za binti yangu huko uani zinanyweshwa hayo hayo. Binti analalamika kwamba kila akishuka besimenti anajikwaa kwenye ndoo. Ajikwae. Mfereji umekunywa vya kutosha.

Tuje kwenye mabomba, ambako nilidhani nitaheshimiwa.

Mkwe alinijia kwa unyenyekevu akasema, baba wewe ndiye fundi, naomba unisaidie kufunga. Nikafurahi, sikatai. Nikamwambia alete bomba za galvanaizi za nusu na robo tatu, koki za brasi, na katani kidogo ya kuzungushia kwenye nyuzi. Tanga ni mji wa mkonge. Fundi wa rika langu alizungusha katani kwenye nyuzi za bomba, akapaka rangi juu yake, akakaza, na kiungo kile kinamzika fundi, mwenye nyumba na mrithi wake. Mkwe akanisikiliza mpaka mwisho, akakohoa kidogo.

"Baba, samahani. Chuma hakitakiwi."

"Basi brasi tupu."

"Brasi ndiyo mbaya zaidi, baba. Ina shaba."

Akanieleza kwamba shaba, hata ikiwa chembe tu iliyoyeyuka, inaua kamba, konokono na matumbawe. Maji ya chumvi yanaila brasi polepole na kuibeba mpaka tangini. Nikatazama juu, kwenye dari la besimenti, ambako mabomba ya nyumba nzima yamepita wazi.

"Na hizo je?"

"Hizo ni shaba, baba. Ndiyo maana ya chujio."

Nikanyamaza, kwa sababu jibu lilikuwa zuri na mimi silipendi jibu zuri saa za asubuhi. Hivyo ndivyo ujuzi wangu wote ulivyowekwa kando: chuma hapana, brasi hapana, katani na rangi hapana. Nikabakiwa na utepe mweupe wa nyuzi na mabomba ya plastiki ambayo mtoto wa shule anaweza kuyakata kwa msumeno wa mkono. Kabla ya gundi unapaka dawa ya zambarau inayolainisha plastiki, na dawa hiyo haitoki popote iliposhika. Sakafu ina madoa ya zambarau. Kaptula ya mkwe ina madoa ya zambarau. Kanzu yangu moja, ambayo haikuhusika kabisa na ujenzi, nayo ina doa la zambarau.

Halafu ipo yunioni, kiungo cha kukaza na kufungua kwa mkono. Hapa ndipo tulipogombana kweli, kwa adabu. Gundi ya PVC haina msamaha. Ikishika imeshika, ukitaka kufungua unakata. Kwa hiyo mtu mwenye akili huweka yunioni kila mbele na nyuma ya kitu kitakachoharibika, na pampu itaharibika, kwa sababu hakuna pampu isiyoharibika. Mkwe alikuwa amechora ramani nzuri sana kwa kompyuta, yenye rangi, na ndani yake yunioni moja tu. Nikamuuliza kwa nini moja. Akasema zinauzwa ghali. Mtu aliyetoa dola 40 kwa ukucha wa jiwe linalopumua ananiambia mimi yunioni ni ghali! Tulikwenda dukani. Tulirudi na za kutosha. Nyingine za akiba alizinunua mwenyewe baadaye, kimyakimya, pampu ilipoanza kunguruma na akaitoa yote mkononi bila kukata bomba.

Chumvi nayo ina elimu yake. Si chumvi ya mezani wala ile ya mawe. Ni mchanganyiko, ndani yake mna magnesi, kalsiamu, potasiamu na vingine vidogovidogo, na ndoo moja inatengeneza lita mia sita hivi za bahari. Mkwe alinihubiria habari zake tukiwa tunasubiri gundi ikauke. Kulikuwa na meli ya Waingereza, Challenger, iliyozunguka bahari za dunia kuanzia 1872 hadi 1876 ikichota maji. Mkemia mmoja, William Dittmar, akapewa chupa 77 azichunguze, na mwaka 1884 akatoa majibu: chumvi inaweza kuzidi hapa na kupungua pale, lakini uwiano wa vilivyomo ni ule ule karibu kila mahali. Kwa sababu hiyo kiwanda kinaweza kupima, kuchanganya, na kukuuzia bahari kwenye ndoo.

Nikamwambia sikuhitaji meli. Maji ya Tanga na ya Mombasa yote nimeyanywa kwa bahati mbaya nikiogelea, na ladha ni moja.

Ukipika bahari, chumvi inafuata maji. Unajaza pipa kwanza, unawasha pampu maji yazunguke, kisha unamimina chumvi kidogo kidogo, karibu gramu 37 kwa kila lita, ili upate ile 35 ya bahari, maana chumvi ya ndooni imeshanyonya unyevu wake. Ukiwa mvivu ukatangulia kuweka chumvi halafu ukaimwagia maji, kalsiamu inagandamana na kuwa chokaa, na pipa zima linakuwa jeupe kama tui. Hiyo si bahari tena, hata samaki wa kutupwa humtii humo. Yakishachanganyika, mkwe anatia tone moja kwenye kioo cha rifraktomita, kile kipimo cha chumvi, anainua dirishani, anafumba jicho moja, na anasoma mstari. Anaweza kusimama hapo muda mrefu kuliko imamu kwenye rakaa ya kwanza ya tarawehe.

Lililonipa raha, na niliseme wazi, ni la koki nne. Koki ya kwanza inatoa maji safi, ya pili inatoa ya chumvi, ya tatu inarudisha juu kwenye pipa la chumvi, ya nne inapeleka kwenye mpira wa kupandia sebuleni. Ukifungua ya kwanza na ya tatu, pampu inahamisha maji safi. Ya pili na ya tatu, inachanganya. Ya pili na ya nne, unapeleka kwa wenyewe juu. Ni mpango mzuri. Lakini nilimwambia tangu siku ya ramani: hapo kwenye maji safi weka nonritani, ile valvu ya kuruhusu upande mmoja tu. Akasema inapunguza msukumo. Nikasema sawa mwanangu, bahari ni yako.

Usiku mmoja mkwe alimaliza kuchanganya, pipa la chumvi limejaa pomoni, la maji safi limebaki robo. Akazima pampu akaenda kulala, na koki ya kwanza na ya pili zote ziko wazi. Ndugu msomaji, maji hayasomi lebo. Yakikutanishwa chini, yanatafuta usawa juu. Hadi asubuhi mapipa yote mawili yalikuwa yamelingana kimo, na lile safi lilikuwa na chumvi ya kuungia sufuria za harusi. Kulitumia hilo kujazia tangi haiwezekani, kwa sababu maji yanayokauka tangini yanaondoka peke yake na kuiacha chumvi, kwa hiyo kinachojazwa lazima kiwe maji matupu. Chumvi ya dola iliyokwishapimwa ikaharibika, na chujio likaanza upya, tss, tss, tss. Mkwe alikuja chumbani kwangu, akabisha hodi. Nikamwambia nonritani iko kwenye mfuko wa karatasi juu ya kabati, risiti imo ndani.

Kilichobaki kilikuwa tone moja. Pale bomba linapotoka pipani kuna tenki konekta, na pipa la taka ni la duara, wakati gasketi inataka mahali bapa. Upande wa juu wa gasketi ulikaa, wa chini ukanyanyuka kiasi cha unywele. Mkwe akataka kuongeza gundi, akataka silikoni, akataka kukaza mpaka plastiki ilie. Nikamzuia. Tulilala kifudifudi wote wawili, baba mkwe na mkwe, mashavu karibu yagusane, tukilitazama lile tone linavyokusanyika, linavyovimba, linavyoning'inia, linavyoanguka. Nikamwonyesha pahali pa kutoboa upya, kwenye ubapa ulio chini ya mshikio, na gasketi nene zaidi ndani. Tundu la zamani tukaliziba. Likakauka.

Na hapa nitaisifia bahari yake kwa jambo moja, la kifundi. Maji matamu yakivuja yanajificha; unaweza kuhangaika mwezi mzima kutafuta ukuta unatoa wapi unyevu. Maji ya chumvi hayawezi kusema uongo. Kila yanapopenya, hata yakikauka kabla hujayaona, yanaacha ukoko mweupe, na unapokwenda asubuhi unakuta alama imekaa kwenye kiungo chenye dhambi. Laiti mabomba yote niliyofunga maishani yangekuwa na tabia hiyo, ningelala mapema siku nyingi.

Habari zimesambaa. Jumamosi amekuja rafiki wa mkwe, kijana wa Lamu, ameyatazama mapipa kwa macho ya mapenzi na kuniita mzee kwa sauti ya mtu anayetaka kitu. Mkewe alibaki ngazini, ananitazama kwa macho mengine kabisa. Basi kwa huyo na kwa wengine wa hapa Ohio wenye mawazo hayo, silipishi hela, ila masharti yangu ni haya: yunioni mnunue kabla sijafika, nonritani haina mjadala, chai na chapati zije saa nne, na maji yote yanayomwagwa ni ya mama mwenye nyumba, ayafanyie atakalo.